"Permit" Si Dawa: Acheni Kufungua Geti Kwa Sababu Mmeshindwa Kusoma Kitabu

Leo sina utani. Hii post ni ya watu wa IT, na pia ni ya mabosi wao, kwa sababu mabosi ndio husema "fanyeni haraka", halafu maji yakizidi unga wanauliza nani alifanya.

Kuna mstari mmoja kwenye seva za Linux ambao nimechoka kukutana nao. Unaandikwa hivi: `access_provider = permit`. Ukiupata ndani ya faili ya /etc/sssd/sssd.conf, mara nyingi jua kuna siku watu walikataliwa kuingia, simu zikalia, mtu akatoka jasho, akaandika hilo neno moja, kila mtu akaingia, wakapongezana na wakaenda kula chapo madondo. Kwa tiketi wakaandika "imetatuliwa".

Haijatatuliwa. Mmefungua geti tu.

Kwa wale ambao si watu wa seva, wacha nieleze taratibu. Ukienda jengo lolote la ofisi pale Upper Hill, askari wa geti ana kazi mbili. Kwanza anaangalia kitambulisho: huyu kweli ni wewe? Halafu anaangalia kitabu: jina lako liko kwa orodha ya wanaoruhusiwa kupanda juu? Unaweza kuwa na kitambulisho halali kabisa na bado ukaambiwa urudi ulikotoka, kwa sababu jina haliko kwa kitabu. Hizo ni kazi mbili tofauti, hata kama anazifanya askari mmoja kwa dakika moja.

Seva ni vivyo hivyo. Kampuni huwa na saraka, yaani daftari moja kubwa la majina ya wafanyakazi, mara nyingi Active Directory ama OpenLDAP. Kwenye Linux, programu inayoitwa SSSD ndiyo huenda kuuliza saraka hiyo. Swali la kwanza ni paswadi: iko sawa? Swali la pili ni ruhusa: huyu mtu, hata kama tunamjua, anafaa kuingia kwa seva *hii*? Hilo swali la pili ndilo hujibiwa na filta. Unaandika kwa mfano:

`access_provider = ldap`
`ldap_access_filter = (memberOf=cn=wahandisi,ou=vikundi,dc=kampuni,dc=local)`

Maana yake ni kwamba hata kama saraka ina watu elfu moja, anayeingia hapa ni yule tu aliye kwenye kikundi cha wahandisi. Kitu kizuri sana. Sasa ukiandika `permit`, umemwambia askari aende akanywe chai. Bado mtu ataonyesha kitambulisho mlangoni, lakini kile kitabu kimefungwa na kutupwa kwa droo. Na ujue pia kwamba usipoandika `access_provider` yoyote, SSSD huchukua hiyo hiyo `permit`. Kwa hivyo kuna seva ambazo kitabu hakijawahi kufunguliwa tangu siku ya kwanza.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuandika hilo neno. Wacha niwape hiyo stori, na kampuni sitaitaja.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Wahandisi watano wapya walikuwa wanaanza kazi. Wale wa zamani waliingia kwa seva kama kawaida. Hawa watano, kila mmoja akijaribu, anafungiwa mlango. Sisi tukafanya kile watu wengi hufanya: tukawabadilishia paswadi. Ikakataa. Tukabadilisha tena. Ikakataa. Tukabadilisha mara ya tatu, tukawalaumu kwamba hawajui kuandika herufi kubwa. Masaa matatu yakaisha hivyo. Mkubwa wetu akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akasema: "Kijana, weka permit. Watu wafanye kazi. Tutarekebisha baadaye."

Nikaweka. Nikawasha SSSD upya. Wakaingia wote.

Kando yangu alikuwa amekaa mwanagenzi wetu, binti wa chuo aliyekuwa na mwezi mmoja tu na sisi. Akauliza kwa sauti ya chini: "Aki, na si hii sasa inafungulia kila mtu?" Nikamwambia tutarudi. Yeye hakuridhika. Akaingia kwa tiketi akaandika mstari mmoja: kwamba ruhusa imebadilishwa kuwa permit kwa muda, irudishwe. Ndiyo kumbukumbu pekee iliyoandikwa siku hiyo.

Wiki kumi zikapita. Wakaguzi wakaja. Wakagundua kwamba kontrakta ambaye mkataba wake uliisha zamani alikuwa ameingia kwa hiyo seva mara nne, usiku. Akaunti yake kwa saraka ilikuwa imezimwa. Sasa aliingiaje? Aliingia na ufunguo wake wa SSH aliouacha kwa seva. Na hapa ndipo watu wengi hushtuka, kwa hivyo someni polepole: mtu akiingia kwa ufunguo wa SSH, swali la paswadi haliulizwi kabisa. Kinachobaki kumzuia ni lile swali la pili, la ruhusa. Nasi tulikuwa tumelifuta.

Mkutano ukaitwa. Wakafungua tiketi kutafuta nani alibadilisha. Jina pekee lililokuwa pale ni la yule mwanagenzi. Yule mmoja aliyeandika ukweli ndiye akaonekana mkosaji, na sisi tuliofanya tukiwa tumekaa kimya tukaonekana wasafi. Mkubwa wetu akaangalia meza. Mimi pia nikaangalia meza. Binti akaambiwa asije kesho yake.

Nilirudi nikasema ni mimi niliyeandika, na ni nani aliyeniagiza. Lakini nilisema siku iliyofuata, sikusema pale pale, na hiyo siku moja bado inanisumbua. Walimpigia simu arudi. Hakurudi.

Kwa hivyo mtu akiniambia `permit` ni mstari mdogo tu wa faili, mimi huona kiti cha yule binti kikiwa tupu.

Sasa turudi kwa kazi yenyewe, kwa sababu hasira bila maarifa ni kelele. Shida yetu ya ile Jumatatu ilikuwa nini? Wale watano walikuwa wamewekwa kwa kikundi kidogo cha wahandisi wapya, na kikundi hicho kikawekwa ndani ya kikundi kikubwa cha wahandisi. Kwa macho ya binadamu, wote ni wahandisi. Lakini filta huangalia rekodi ya mtu mwenyewe tu. Kwenye Active Directory, `memberOf` ya mtu huonyesha vikundi alivyomo moja kwa moja, haipandi juu kwa babu na nyanya. Ukurasa wa maelezo wa SSSD unasema wazi kwamba filta hii inaweza isifanye kazi kwa vikundi vilivyo ndani ya vikundi vingine, na unakuelekeza kwingine. Maelezo yako pale pale kwa seva, unaandika `man sssd-ldap`. Hatukusoma. Tulipoteza masaa matatu kubadilisha paswadi ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Sasa wewe usiwe kama sisi. Mtu akikataliwa, fuata njia hii kabla ya kuguza kitu chochote.

1. Andika `id` na jina lake. Seva isipomjua kabisa, shida iko mbali na filta. Angalia muunganisho na saraka, cheti, ama mahali unapomtafutia. Ikimjua, angalia vikundi vinavyotokea pale. Vyote unavyotarajia vipo?

2. Soma logi. Kwa Red Hat na ndugu zake ni /var/log/secure, kwa Ubuntu ni /var/log/auth.log, ama utumie `journalctl`. Tafuta maneno mawili: `sshd:auth` na `sshd:account`. Ukiona auth imefaulu na account imesema `Access denied`, paswadi ni nzima kama kigongo. Acha kumsumbua mtu wa watu na herufi kubwa. Shida yako ni ruhusa.

3. Tumia `sssctl user-checks` na jina lake, ukiongeza `-s sshd`. Hii hujaribu lile swali la ruhusa bila hata kuhitaji paswadi yake. Unapata jibu ukiwa umekaa kwa kiti chako.

4. Chukua filta ile ile, neno kwa neno, uipeleke kwa `ldapsearch` pamoja na jina la mtu, ukitumia akaunti ile ile ambayo SSSD hutumia. Hiyo akaunti ni muhimu, kwa sababu ukitumia yako ya ukubwani unaweza kuona `memberOf` ambayo SSSD hairuhusiwi kuona. Saraka ikirudisha bila mtu, basi tatizo umelishika mkononi.

5. Kama bado, weka `debug_level = 6` kwa sehemu ya domain, washa upya, mwambie mtu ajaribu, halafu usome kilichoandikwa ndani ya /var/log/sssd. Pale utaona ni swali gani hasa SSSD iliuliza saraka. Mara nyingi si swali ulilofikiria umeandika.

Na ukifika hapo, wakosaji huwa ni wale wale. Mabano hayajafungwa. Mtu ameandika `ou=Users` wakati Active Directory ikisakinishwa hukuwekea `cn=Users`. Mtu wa Windows amesogeza kikundi hadi tawi lingine la saraka, na anwani kamili ya kikundi ikabadilika, lakini hakuna aliyekuambia wewe wa Linux, kwa hivyo filta yako inatafuta nyumba iliyohamishwa. Kikundi kina mabano kwa jina lake, na hukujua kwamba ndani ya filta mabano hayo huandikwa `\28` na `\29`. Mtu ameweka nyota mwisho wa `memberOf` akidhani itashika vikundi vyote vinavyoanza na neno hilo, wakati Active Directory hapo inataka anwani nzima ya kikundi. Ama unatumia OpenLDAP na hakuna aliyewasha ile nyongeza ya `memberof`. Hata ikiwashwa leo, vikundi vilivyoundwa jana havijazwi vyenyewe.

Kuna mwingine wa kuchekesha: unaweka `access_provider = ldap`, unasahau kuandika filta. Hapo SSSD inakataa kila mtu. Watu hulia kwamba programu ni mbovu, na kumbe ndiyo iliyo na akili hapo. Askari ambaye hajapewa kitabu anafaa kufunga geti.

Na kabla ya kulaumu filta, hakikisha kama ndiyo inayofanya kazi. Kwa faili ya sshd kuna mstari wa `UsePAM`. Ukiwa umewekwa `no`, lile swali la ruhusa haliulizwi hata kidogo, na filta yako nzuri ni pambo. Upande mwingine, `AllowGroups` ikiwa imeandikwa mle mle, basi una askari wawili wenye vitabu viwili, na unaweza kurekebisha kimoja mchana kutwa huku kile kingine kikikataa watu.

Najua mtakachoniambia. "Wewe unaongea tu kwa simu yako. Sisi kazi imesimama, mteja anangoja, mkubwa amesimama nyuma yangu. Hakuna wakati wa kusoma logi." Sawa. Hiyo hoja naiheshimu, kwa sababu nimekaa kwa hicho kiti. Lakini jibu lake liko kwa faili hiyo hiyo. Andika:

`access_provider = simple`
`simple_allow_groups = wahandisi`
`simple_allow_users =` halafu majina ya wale watano.

Umehesabu dakika? Ni ile ile moja ya kuandika `permit`. Wale watano wameingia, wa zamani wameingia, kontrakta wa kale bado yuko nje. Tena njia hii ya `simple` hutumia vikundi ambavyo seva yenyewe inajua mtu yumo, kwa hivyo kikundi cha juu kikionekana kwa `id`, huhitaji hata kutaja majina. Tahadhari ni moja: ukiacha orodha zake zote tupu, inaruhusu kila mtu. Hapo imetofautiana kabisa na filta ya ldap, na hilo limewahi kuwaumiza watu. Na ukitaka kubaki na filta kwenye Active Directory, kuna kanuni ya kupanda ngazi za vikundi. Badala ya `memberOf=` unaandika `memberOf:1.2.840.113556.1.4.1941:=`. Namba ni mbaya kutazama lakini inafanya kazi.

Kwa hivyo hiyo hoja ya haraka imekufa. `Permit` haikuokolei hata dakika moja. Inakuokolea tu kufikiria.

Mwingine atasema, "Lakini sisi tuko ndani ya mtandao wetu, nani ataingia?" Yule wetu aliingia. Hakuwa jambazi wa mbali aliyevaa kofia, alikuwa mtu tuliyekuwa tukinywa naye chai. Alisema alikuja kuchukua skripti zake. Labda ni kweli. Lakini Kenya tuna sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta, inayofanya kuingia kwa mfumo bila idhini kuwa kosa, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtaka anayeshika data za watu aweke kinga ya kuzilinda. Sasa ebu jaribu kueleza kwamba kinga yako ilikuwa neno `permit` na ahadi ya "baadaye".

Hata mkirudisha filta, msidhani mmemaliza. Filta ya kikundi haiangalii yenyewe kama akaunti imezimwa. Mtu anaweza kuzimwa kwa saraka na bado akabaki kwa kikundi, na akiwa na ufunguo wa SSH atapita. Weka `ldap_access_order = filter, expire` na uambie SSSD saraka yako ni ya aina gani kwa `ldap_account_expire_policy`. Kwa Active Directory ni `ad`. Na kumbukeni kwamba seva ikipoteza mawasiliano na saraka, SSSD hutumia jibu la mwisho ililopata kwa filta. Aliyekubaliwa mara ya mwisho ataendelea kukubaliwa, aliyekataliwa ataendelea kukataliwa. Kwa hivyo mtu akiondoka kazini, toeni na ufunguo wake kwa seva. Msiachie filta kazi ya msimamizi wa wafanyakazi.

Na tafadhali, acheni hii tabia ya kufuta kila kitu ndani ya /var/lib/sss/db kila mtu akikataliwa. Saraka ikiwa chini wakati huo, mmefuta hata kumbukumbu ambayo ingewaruhusu wenye haki kuingia. Tumieni `sss_cache -E`, inatosha. Na kabla ya kubadilisha lolote, acheni dirisha moja la root likiwa wazi pembeni, msije mkajifungia nje na kuanza kutafuta funguo za chumba cha seva saa nne usiku.

Nimalizie na mabosi. Mkubwa, mtu wako akikuambia "nipe dakika ishirini nisome logi", mpe. Hajui kidogo, ndiyo maana anasoma, na hiyo ni sifa. Na ukimwagiza afungue geti, andika jina lako wewe kwenye tiketi. Usimwachie kijana wa mshahara mdogo, ama mwanagenzi asiye na mshahara kabisa, abebe neno ulilolitamka ukiwa umesimama nyuma ya kiti.

Na wewe kijana mwenzangu unayesoma hii ukiwa kazini: leo kabla hujatoka, fungua seva zako uandike `grep access_provider /etc/sssd/sssd.conf`. Ukipata `permit`, ama usipopata kitu chochote, rudisha kitabu mezani. Kisha uandike kwa tiketi ulichofanya, kwa jina lako. Ukikuta kuna mtu mwingine aliyewahi kuandika ukweli pale kabla yako, usimwache peke yake kwa mkutano.